Kijiko cha Mama, Kikombe cha Shangazi

Jumatatu, 4 Machi

Mvua imeanza leo, na wifi yangu naye ameanza. Ameingia na mabegi matatu yaliyolowa chapachapa na mdomo mmoja usiolowa wala kuchoka. Kabla hajavua viatu nilikuwa nimeshajua nani kaachana na nani, nani kajenga kwa pesa za nani, na kwa nini saluni yake imefungwa. Sababu aliyonipa yeye ni mwenye nyumba. Ninayoijua mimi ni kwamba wateja wake walikuwa wakitoka na kichwa kilichosukwa nusu na masikio yaliyojaa umbea kamili. Humu nitamwita Redio.

Ni mdogo wake mume wangu. Amekuja kukaa na Kidoti tukiwa kazini, kwa sababu wasichana wa kazi wakimwona mtoto anaanguka mara moja tu wanakusanya nguo zao. Mume wangu kamwita bila kuniuliza. "Ni damu yake," akasema. Damu! Kwani damu inajua kusoma kipimo?

Kidoti ni mwanangu wa kike, ana miaka sita na kifafa. Dawa ya kwanza haikufua dafu, ya pili vilevile. Ya tatu ilizuia kuanguka, lakini ikamnyang'anya maneno. Mtoto aliyekuwa akiimba bafuni mpaka jirani anagonga ukuta akageuka wa kukaa dirishani na mate mdomoni, ukimwita anakutazama kama hakujui. Tukaiacha. Sasa hospitali imempa lishe: sukari marufuku, wanga karibu hakuna, mafuta kwa wingi. Mwili ukikosa sukari unachoma mafuta na kutoa kitu kinaitwa ketoni, na ketoni ndizo zinazoutuliza ubongo. Daktari amesema wazi: mvua hizi zikiisha na mtoto bado anaanguka kila asubuhi, tunarudi kwenye ile dawa ya tatu.

Hairudi. Labda mimi nisiwe hai.

Alhamisi, 7 Machi

Kliniki. Redio alitufuata, hakualikwa.

Mama wa lishe pale hospitali ninamwita Bibi Mizani kwa sababu hawezi kusema neno bila kugusa mizani yake. Ametupa chupa ya mafuta maalumu yatokanayo na nazi, maangavu kama maji, hayana rangi wala harufu, na eti haya ndiyo yanayotoa ketoni haraka kuliko mafuta mengine. Akaanza kuhubiri: gawanya, changanya, koroga, pasha kidogo, anza taratibu. Mimi nilikuwa nimeshaona kwamba kwenye karatasi yake jumla ya chini haikubaliani na namba za juu. Nikamwonyesha. Akasahihisha huku ametahayari. Baada ya hapo sikuwa na la kumsikiliza, mtu ambaye kujumlisha kunamshinda.

Redio alikaa nyuma yangu akitikisa kichwa kwa kila neno, "mh, mh, sawa dada, mh." Angeambiwa nyani wanapiga pasi angetikisa hivyohivyo.

Mimi ni msimamizi wa chumba cha kuchanganyia kwenye kiwanda cha rangi. Kazi yangu ni kipimo. Mtu hanifundishi kupima.

Jumapili, 10 Machi

Kijiko asubuhi, kijiko jioni, vile vikubwa, vimejaa hadi ukingoni, ninaviinua mbele ya macho yangu kabla havijaingia mdomoni. Hakuna kuchanganya na chochote. Ukichanganya, nusu inabaki kwenye bakuli, na nusu iliyobaki kwenye bakuli haijaingia kwa mtoto. Hilo hata kichaa anaelewa.

Kidoti ametapika.

Jumatano, 13 Machi

Kuhara. Mashuka mara mbili. Mvua hainyamazi, hakuna kinachokauka.

Jumatatu, 18 Machi

Kuna vijiti vya kupimia mkojo. Unachovya, unasubiri kidogo, kinabadilika rangi: waridi maana yake ketoni chache, zambarau iliyokolea maana yake zipo za kutosha. Kwenye mambo ya rangi sina mpinzani. Mume wangu, ambaye ni fundi friji na anaona rangi mbili tu duniani, safi na chafu, alisema, "Si zambarau hiyo?" Haikuwa zambarau. Ilikuwa waridi iliyofifia, ile tunayowauzia watu wa vyumba vya watoto.

Ameanguka asubuhi, tena akiwa amesimama. Jino limemchana mdomo. Redio akamlaza ubavu, akamshika kichwa, na akawa anamsimulia habari za mteja wake aliyejichoma na pasi ya nywele. Mtoto yuko kwenye kifafa na yeye anatangaza! Nikamwambia anyamaze. Akaniambia, "Wifi, anasikia." Anasikia nini? Ebo!

Jumatano, 20 Machi

Kazini tumepata oda kubwa. Natoka alfajiri, narudi jioni mtoto ameshakula. Maana yake mafuta yote anampa Redio. Nimemwandikia maelekezo kwenye karatasi na kuibandika kwenye friji: KIJIKO. KIMEJAA. USICHANGANYE. Nimemfanya asome kwa sauti. Akasoma kama anasoma tangazo la harusi.

Ijumaa, 29 Machi

Zambarau.

Nimekiangalia kijiti chini ya taa, nikakipeleka dirishani, nikakirudisha. Zambarau. Hii ndiyo faida ya kuandika maelekezo yanayoeleweka.

Jumapili, 31 Machi

Mwisho wa wiki nimempa mwenyewe, kijiko kimejaa. Jioni akajikunja kwa tumbo. Leo kijiti ni waridi. Sababu naijua: Redio anamlegeza wiki nzima, kisha mimi ndiye ninayevuna.

Alhamisi, 4 Aprili

Zambarau. Hajaanguka tangu Jumanne.

Amesema "mvua". Neno moja, lakini alilisema mwenyewe, bila kuulizwa, akiwa amebandika pua kwenye kioo. Mume wangu alitoka nje kama mtu aliyeitwa, akakaa barazani kwa muda. Mimi niliosha vyombo vilivyokuwa vimeshaoshwa.

Jumapili, 7 Aprili

Waridi. Tumbo. Kuhara. Nilimpa mwenyewe.

Nimemwuliza Redio anampa nini huyu mtoto siku za kazi. "Mafuta, wifi." Kijiko? "Kipimo chako kilekile." Hakunitazama usoni. Tangu lini Redio akajibu kwa maneno machache?

Jumatano, 10 Aprili

Leo kiwandani walikuja wanafunzi na mwalimu wao, wamevaa makoti meupe yaliyowazidi. Nilikuwa nawaonyesha mapipa ya gundi ya rangi, ile inayoingia kwetu ikiwa nyeupe kabla haijatiwa chochote. Mmoja akauliza kwa nini kiwanda cha rangi kinatumia maziwa. Maziwa! Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Nikawaeleza pole pole kama unavyomweleza mgonjwa: ni matone madogo madogo yasiyopenda maji, yamepigwa mpaka yametawanyika ndani ya maji, na kitu cha katikati kinayashika yasikimbiliane juu. Yakiwa madogo hivyo, mwanga unatawanyika, jicho linaona weupe. Hakuna ng'ombe hapo. Mwalimu wao aliona aibu kwa niaba yao, na ilimpasa.

Nikawaambia wafanyakazi wangu baadaye: mtu asiyejua kutazama asipewe macho.

Jumapili, 14 Aprili

Waridi. Ameanguka asubuhi, tena. Siku za kazi hakuanguka hata moja. Mume wangu amesema, "Labda wikiendi umwachie dada ampe." Dada! Nilimwuliza kama na friji za watu huwa anawaachia wapita njia.

Alhamisi, 18 Aprili

Lazima niandike yote kabla hasira haijapoa, maana ikipoa watanibembeleza.

Umeme ulikatika kiwandani saa nne, mitambo ikasimama, wakatuachia. Nikarudi nyumbani katikati ya mvua, viatu mkononi. Mlango haukufungwa kwa komeo. Nikaingia kimya, sikukusudia kimya, ila nilikuwa pekupeku.

Redio alikuwa jikoni ameupa mgongo mlango, anaimba. Kidoti yuko juu ya kigoda, ameshika kikombe chake cha plastiki kwa mikono yote miwili, anakunywa. Ana sharubu nyeupe juu ya mdomo. Anacheka. Mtoto ambaye kijiko changu anakikimbia hadi chini ya kitanda, hapo anakunywa kitu cheupe, kizito, chenye povu, na anacheka.

Maziwa. Maziwa yenye sukari yake ya asili, na nani anajua aliongeza nini. Hesabu yote, vijiti vyote, mashuka yote, na mpumbavu mmoja anampa mtoto wa kifafa maziwa ili apate kuchekewa.

Nikamnyang'anya mtoto kikombe, nikamwaga kwenye sinki. Kidoti akalia. Redio akageuka, mkono kifuani.

"Wifi! Umenishtua. Subiri nikueleze..."

"Unieleze nini? Sina macho?"

"Ni mafuta, wifi. Nimeyapiga tu na..."

"Mafuta meupe?" nikamwuliza. "Mafuta yenye povu? Unanifanya mimi mtoto wa chekechea?"

"Nimefanya alivyosema yule dada wa hospitali, mwulize..."

"Huyo naye hajui kujumlisha!"

Nikamwambia mengi. Nilimwambia saluni yake haikufungwa na mwenye nyumba, ilifungwa na wanawake waliochoka kutoka na vichwa vya kuchekesha. Nilimwambia amekuja kwangu kula kwa sababu hakuna mwanamume aliyemvumilia mdomo. Nilimwambia kama mwanangu atarudi kwenye ile dawa, atakuwa yeye ndiye aliyemrudisha, na nitamtangazia ukoo mzima. Hapo ndipo alipoacha kujitetea. Akafuta meza. Akafua kitambaa, akakianika. Akaenda kukusanya mabegi yake.

Kidoti alishika sketi yake mlangoni. Ilibidi nimbandue vidole kimoja kimoja.

Ijumaa, 19 Aprili

Nimechukua likizo. Mume wangu hasemi nami. Alisema jambo moja tu akivaa viatu: "Umemfukuza dada yangu kwenye mvua." Nikamjibu kwamba mvua ilikuwa inamnyeshea kila mtu.

Jumapili, 21 Aprili

Vijiko, vimejaa, kwa saa zake. Sasa tutaona nani anajua kazi. Ametapika kimoja, nikarudia. Kurudia nako akatapika.

Jumatatu, 22 Aprili

Waridi.

Jumanne, 23 Aprili

Waridi, karibu na rangi ya karatasi yenyewe. Kuhara tangu alfajiri. Analalamika tumbo bila maneno, anashika tu. Kila akihara najiuliza mafuta kiasi gani yametoka, na kila nikijiuliza naongeza kidogo kwenye kijiko kufidia. Ni hesabu ya kawaida: kilichopotea kinarudishwa.

Jumatano, 24 Aprili

Hasemi tena "mvua". Nimemwonyesha dirisha. Nimemwambia, "Mama, nini ile inanyesha?" Akalalia kiwiko.

Ijumaa, 26 Aprili

Naandika hospitalini, kwenye benchi, kalamu nimeazima kwa muuguzi.

Jana asubuhi alianguka nikiwa namvalisha. Nikamlaza ubavu, nikasubiri. Huwa inapita. Haikupita. Macho yamepanda juu, mkono mmoja unapiga, midomo inageuka rangi ambayo sitaki kuiandika mimi ninayejua majina yote ya rangi. Ikasimama kidogo, ikaanza upya. Mume wangu alimbeba kifuani tukakimbia kwenye mvua hadi kwa jirani mwenye gari, na jirani huyo niliwahi kumwita mlevi mbele ya watu. Aliendesha huku anapiga honi njia nzima.

Wakamtilia dawa ndani ya shavu. Ikatulia. Wakasema maji yamemwishia mwilini kwa kuhara na kutapika, na ketoni nazo zimekaribia kuisha. Amelala tangu hapo.

Leo akaja Bibi Mizani, safari hii bila mizani. Nilikuwa nimejiandaa. Nikamwambia kabla hajakaa: wifi yangu alikuwa akimpa maziwa kwa siri, mimi nimemfukuza, lakini madhara ndiyo haya.

Akanitazama. "Kwani kile kikombe cha shangazi mmeacha lini?"

"Kikombe gani?"

"Si kile cha mafuta? Alikuwa ananipigia simu kila asubuhi. Mara mafuta yanapanda juu, mara mtoto hapendi joto lake. Tukafanikiwa wiki ya pili. Vijiti vyake vilikuwa vizuri sana, alikuwa ananitumia picha."

"Alikuwa anampa maziwa," nikasema. "Nimeona mwenyewe. Cheupe."

"Maziwa gani, mama? Kiini cha yai lililochemshwa, kinapondwa na maji ya vuguvugu, chumvi kidogo, halafu mafuta yanadondoshwa tone kwa tone huku unapiga. Ndiyo yanakuwa meupe." Akalinyoosha shuka la mtoto, nadhani alikuwa anaamua kama aendelee. "Shangazi aliniambia unafanya kazi kiwanda cha rangi. Nilidhani wewe ndiye uliyemfundisha."

Mume wangu alikuwa amekaa upande wa pili wa kitanda. Alianza kucheka. Si kicheko cha furaha, ni kile cha mtu aliyeishiwa. Alicheka akiwa ameinamisha kichwa kwenye godoro karibu na mguu wa mtoto, mabega yanatikisika, mpaka nikatambua kwamba hacheki.

Nilitaka kuuliza swali la kitaalamu, nibaki na kitu mkononi. Nikauliza, kuna tofauti gani, mafuta si ni yaleyale? Akanijibu bila dharau, na ingekuwa afadhali angenidharau. Kijiko kizima cha mafuta matupu kikishuka tumboni kinakaa kama dimbwi. Utumbo unashtuka, unabana, unasukuma, mengi yanatoka kabla hayajatumika. Yakivunjwa matone madogo, mwili unayapokea pole pole, tumbo linatulia, na ketoni zinapanda zaidi kwa kipimo kilekile. Kipimo kilekile, alirudia, si zaidi.

Nilikuwa nikiongeza. Sikumwambia yeye wakati ule, nimemwambia muuguzi baadaye, akaandika.

Nyani haoni kundule. Nimewacheka watoto wa watu mbele ya pipa.

Jumamosi, 27 Aprili

Ameamka. Anakunywa maji. Hasemi.

Daktari amepita. Amesema kama lishe haikubaliki tumboni itabidi arudi kwenye dawa ya tatu wiki ijayo, hawezi kuruhusu kifafa kama kile mara ya pili. Nimemwomba aniachie mpaka mwisho wa mvua kama alivyoahidi. Nimemwomba, mimi. Akasema ataangalia vijiti, na akasema vijiti tu, si maneno yangu.

Jumapili, 28 Aprili

Nimempigia simu Redio. Hakupokea. Nimepiga tena. Hakupokea. Mtu anayepokea simu hata za namba zilizokosewa na kuongea nazo nusu saa!

Mume wangu hataki kumpigia. "Uliyemfukuza ni wewe," amesema.

Jumatatu, 29 Aprili

Nimekwenda mwenyewe. Yuko kwa rafiki yake, kwenye chumba kimoja nyuma ya duka la nguo za mitumba, anamsuka mwanamke fulani. Mvua inapiga bati mpaka lazima mpige kelele ndipo msikilizane. Mteja alikuwa anakula kila neno.

"Wifi," nikasema.

"Karibu, wifi mheshimiwa," akajibu, hakuacha kusuka. "Leo umevaa viatu."

Nikamwambia Kidoti yuko hospitali. Vidole vyake vikasimama. Akauliza kilichotokea, nikamweleza chote, pamoja na kijiko cha kuongeza. Nilitegemea apige kelele. Hakupiga. Akauliza kama mtoto amemuulizia. Nikasema hasemi, anaonyesha mlango tu.

Akafunga nywele zile fundo la haraka. Kisha akaniambia, mbele ya mteja wake, "Nitakuja kwa ajili ya mtoto. Lakini yale uliyoniambia siku ile hayajafutika, na sitajifanya yamefutika. Niombe radhi hapa hapa, kwa sauti, maana siku ile sauti ulikuwa nayo."

Nikamwomba. Bati lilikuwa linapiga, ikabidi nirudie kwa nguvu zaidi. Mteja akasema, "Sasa tumesikia." Mwanamke huyo kichwa chake kilikuwa kimesukwa vizuri sana, mistari imenyooka kama ya rula, na jambo hilo liliniudhi njia nzima.

Jumatano, 1 Mei

Nyumbani. Redio amenifundisha, na ni mwalimu mbaya. Anaongea mambo sita kwa mpigo. Kiini kipondwe mpaka kisiwe na punje, maji ya vuguvugu si ya moto, alishika kidole changu akakichovya nijue. Nikamimina mafuta. Yakapanda juu yote, dimbwi linalong'aa.

"Wifi! Unamwaga kama unazima moto! Tone. Tone, halafu piga. Tone."

Nimewafukuza watu kazini kwa kosa hilohilo.

Nikaanza upya. Mkono wake ulikuwa juu ya mkono wangu, unapiga. Pakawa peupe. Kwanza pembeni, halafu kote, kizito na kimeshikana, hakina jicho moja la mafuta juu. Nimeona kitu kile maelfu ya mara maishani na sikuwahi kukiona kwenye kikombe cha plastiki chenye picha ya sungura.

Anavyopima, lakini! Kwa macho! Nimemnyang'anya chupa. Tumekubaliana: mafuta napima mimi, mkono anapiga yeye. Kikombe kimoja tumekigawa vikombe vidogo vya siku nzima.

Jumapili, 5 Mei

Waridi iliyokolea. Tumbo limetulia. Redio amepiga kelele kama timu yake imefunga bao, na hana timu.

Jumamosi, 11 Mei

Zambarau. Nimeipeleka dirishani.

Jumanne, 14 Mei

Redio ameniambia kwamba mwanamke wa nyumba ya tatu ana mimba, na si ya mumewe. Nimemwambia sitaki kujua. Halafu nimemwuliza ni ya nani.

Jumatatu, 20 Mei

Hakuna cha kuandika. Hakuanguka. Mvua inakatika mchana.

Jumapili, 26 Mei

Hajasema. Hiyo ndiyo inayonila. Vijiti ni zambarau, hajaanguka tangu mwanzo wa mwezi, lakini mdomo umefungwa. Redio anamwongelesha kutoka asubuhi hadi jioni, habari za saluni, za majirani, zake na za mume wangu utotoni, habari nyingine ni za uongo kabisa. Zamani ningesema debe tupu. Sasa nasimama nyuma ya mlango wa jikoni nikisikiliza asije akaacha.

Alhamisi, 30 Mei

Jua, siku ya nne mfululizo. Kliniki.

Tulikwenda wote wanne. Daktari alitandaza vijiti mezani, akavisoma kimoja kimoja kwa karatasi ya rangi, nami nilijizuia kumwambia kwamba cha tatu amekisoma vibaya. Akauliza kuhusu tumbo. Limetulia. Akauliza kuhusu kuanguka. Hakuna. Akauliza kuhusu kusema. Bado.

"Kama hasemi," akasema, "siwezi kujua ni mabaki ya dawa au ni ugonjwa wenyewe unaoendelea chini kwa chini. Huenda tukalazimika kufikiria upya." Akafungua faili. Nilijua kufikiria upya kunaanzia kwenye ile dawa ya tatu.

Bibi Mizani akaingilia kati. Akasema kuna wazazi wawili nje ambao watoto wao wanatapika mafuta, akaomba nimweleze daktari jinsi kikombe kinavyotengenezwa, ili kiandikwe kwa maneno ya mama. Nikashukuru kupata kitu cha kusema. Nikakaa wima. Nikaanza kueleza kama ninavyoeleza kazini: kwanza unachukua mafuta kwa kipimo, unayaweka kwenye chombo kisafi, kisha unaongeza maji...

"Siyo."

Daktari akainua kichwa. Nilidhani ni Redio, lakini Redio alikuwa amefunika mdomo kwa mikono miwili.

"Siyo hivyo," akasema Kidoti. Alikuwa amesimama kati ya magoti ya baba yake, uso umekunjamana, ananitazama mimi jinsi mtu anavyomtazama fundi aliyeharibu nguo. "Yai kwanza. Halafu maji. Mafuta mwisho. Mama anamwaga yote, yanaharibika." Akamgeukia daktari na kumwonea huruma. "Usimwandike huyu. Mwandike shangazi."

Kalamu ya daktari haikuandika lolote. Mume wangu alikuwa ameinama. Redio, Redio wangu, bado amefunika mdomo.

Mtoto hamkosoi mama yake mbele ya watu. Hivyo ndivyo nilivyolelewa, na kwa hilo ningemfinya hata jana. Nikapiga magoti kwenye sakafu ile, nikamshika mikono, nikamwambia, "Mama amekosea. Haya, mwambie daktari. Yai kwanza, halafu? Sema tena, mama. Sema yote."